Mjadala: Nauli ya matatu kwa simu pekee, tuikubali au tuikatae?

Mwanzilishi wa mjadala

Kila tukiambiwa Nairobi inageuka jiji mahiri, mfano wa kwanza huwa ni matatu: nauli kwa kadi au simu, noti isionekane. Si wimbo mgeni. Mwaka 2014 serikali iliamuru hivyohivyo, kadi zikazagaa. Google na benki ya Equity walikuwa wameshatangulia na kadi yao ya nauli, BebaPay, mwaka 2013. Kufika 2015 ilikuwa imefungwa. Nami nilinunua kadi ya kampuni nyingine, na mashine ya basi la pili ikakataa kuisoma. Ipo kwenye droo hadi leo, pamoja na funguo za nyumba niliyohama.

Hata hivyo mimi nasema tukubali, kwa sharti moja: nauli ijulikane mapema, isibadilike. Juzi saa kumi na moja na nusu jioni tumejipanga Tom Mboya, makanga, yule mkusanya nauli, anaimba "hamsini, hamsini." Tone la kwanza la mvua likamwangukia kwenye paji la uso. Akalifuta kwa kiganja, na kabla mkono haujashuka nauli ilikuwa mia. Mashine haiwezi kutufanyia hivyo. Semeni.

Abiria wa 46

Haiwezi? Ndugu yangu, hujaita teksi ya simu siku ya mvua? Tangu Uber iingie hapa mwaka 2015 tumeona bei ikipanda yenyewe, tena bila sura ya kugombana nayo. Makanga angalau namwambia nina thelathini, nishushe Yaya nitamalizia kwa miguu, na mara nyingine anakubali. Na simu ikizima saa mbili usiku nikiwa mjini, nilale kituoni Kencom?

Niliwahi kuwa makanga

Nimefanya kazi laini ya Githurai miaka sita, wacha niwaambie kilichoziua zile mashine, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliosaidia kuziua.

Gari halikuwa na mshahara. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, kile kiasi alichokipanga cha siku, iwe mvua iwe jua. Ukishatoa hiyo na mafuta, kinachobaki ni cha dereva na makanga. Lakini pesa ya matatu haingoji jioni. Kamagera, yule wa steji anayejaza magari abiria, anataka chake gari likijaa, kabla halijatoka steji. Skwodi, yule wa kushikilia zamu, akishika gari mkienda kula, anataka chake papo hapo. Wa kuosha gari vilevile. Halafu wapo wale wa kando ya barabara, ambao mnajua mkono wao hupita dirishani bila salamu. Hao wote wanakula noti.

Sasa nauli ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti huko ofisini. Saa nne asubuhi gari limebeba watu tangu alfajiri, mfukoni sina hata ya dizeli, nampigia karani anitumie na hashiki simu. Unadhani ningefanya nini? Abiria akitoa kadi namwambia mtandao umepotea. Haukuwa umepotea.

Na tazameni leo. Watu wanalipa kwa M-Pesa kila siku, hakuna aliyewaamuru. Hamsini unamtumia makanga na haina ada, wengine wana Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Simu haikuwa tatizo hata siku moja. Ugomvi ulikuwa pesa zinaingia mfuko wa nani, na saa ngapi.

Mwenye gari moja

Nimekusoma, na nimecheka kwa uchungu kidogo. Hiyo "mtandao umepotea" niliambiwa mimi miezi mitatu.

Lakini sikiliza na upande huu. Gari ni la mkopo, na benki haijui mvua. Siku nauli inapofika mia, hesabu ninayoletewa ni ileile ya hamsini, na juu yake hadithi ya msongamano. Nikiona kila nauli iliyoingia, niko tayari kulipa mshahara wa mwezi. Nisipoona, nitalipa mshahara kwa msingi gani? Haya mabasi ya umeme yaliyoanza kujaribiwa hapa mwaka 2022, kampuni yake, BasiGo, humtoza mwenye basi kwa kila kilomita. Kilomita zinahesabiwa hadi ya mwisho. Abiria ndiye hahesabiwi. Hapo ndipo pesa yangu inapopotelea.

Natembea

Samahani kuwakatiza. Mimi sina nauli ya kubishania, natoka Kibera hadi Industrial Area kwa miguu. Barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, imefunguliwa 2022, na gari lenye kifaa kwenye kioo linainuliwa kizuizi bila dereva kutoa hata shilingi mkononi. Chini yake sisi tunavuka kwa mbio. Desemba 2018 matatu zilipofukuzwa katikati ya jiji, mji mzima ulionja maisha yangu kwa siku moja, na marufuku ikaondolewa haraka ajabu! Endeleeni.

Mchora ramani

Natembea ana hoja, ila najua mtamwacha nayo. Mimi naona faida moja ambayo haijatajwa. Ramani ya laini za matatu iliyotoka 2014 ilipatikana kwa watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia kupanda matatu, simu mkononi, wakinakili kituo baada ya kituo. Data ikaachwa wazi kwa yeyote. Malipo ya simu yangetupa picha hiyo kila siku: watu wanapanda wapi, saa ngapi, wangapi wanaachwa. Lakini data hiyo pia inajua mimi hushuka wapi kila usiku. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019. Kabla ya kugusa kadi nataka kujua nani ataishika data hiyo.

Mwanzilishi wa mjadala

Basi sharti langu naliondoa, lilikuwa la mtu aliyelowa. Naweka lingine: nauli ikilipwa igawanywe papo hapo, fungu la mwenye gari, fungu la mafuta, fungu la dereva na makanga, kila mtu aone kwenye simu yake. Hapo makanga hana sababu ya kupoteza mtandao, na mwenye gari anaona abiria wake. Nimekosea wapi?

Niliwahi kuwa makanga

Kwangu mimi hapo umepatia. Mwenye gari naye atakubali, akinung'unika. Ila umesahau fungu la kamagera. Hana mkataba, hayumo kwenye orodha yoyote, na ndiye anayeamua gari lipi lijaze kwanza. Kesho kabla hujapanda muulize namba yake ya simu ya kupokelea, uje utuambie alijibu nini.