Mzee kaandikiwa CT na skani ya mifupa, ndugu wanasema PSMA PET. Kipi kinaona vizuri kama saratani ya tezi dume imesambaa?

kijana_wa_Ngarenaro
Wakuu habarini, shikamooni wakubwa. Mzee wangu ana miaka 69, tupo Arusha. Mwezi uliopita PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ilisoma 41, wakachukua biopsi (kipande cha nyama cha kupima), majibu yakaja saratani ya tezi dume Gleason 4+4, yaani ya daraja kali. Sasa dokta anataka ajue imeshasambaa au bado ndo aamue upasuaji, mionzi au sindano za homoni, kaandika CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya tumbo na nyonga pamoja na skani ya mifupa ambayo tumeelekezwa hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar. Bro yupo Nairobi anasema tusizunguke, tumpeleke huko apige PSMA PET (picha ya mwili ya kutafuta seli za saratani hii) moja kwa moja. Hela tuliyochanga inatosha safari moja tu, alafu mzee kashaanza kuogopa kila siku ananiuliza tunaenda lini. Naombeni mwongozo.

fundi_picha
Pole sana ndugu, na mzee mpe pole. Nafanya kazi kwenye picha za nyuklia. Hivi vipimo havitafuti kitu kimoja, hapo ndo watu wengi wanachanganya. Skani ya mifupa haioni kansa yenyewe, inaona mfupa unavyohangaika kujijenga pale ulipoguswa, ndo maana hata goti lililosagika au ubavu uliovunjika zamani unawaka. CT inaangalia ukubwa, tezi za limfu zikiwa chini ya milimita 8 hadi 10 inazipita tu hata kama kansa imo ndani. PSMA PET dawa yake anayochomwa mgonjwa kabla ya picha inanasa protini iliyo juu ya seli za saratani yenyewe, kwa hiyo hata kidoa kidogo kinaonekana. Utafiti wa proPSMA wa Australia, ulitoka kwenye Lancet 2020, wanaume 302 wenye hatari kubwa kama mzee wako, usahihi wa PET ulikuwa asilimia 92, CT na skani ya mifupa pamoja 65. Na mionzi anayopata mgonjwa kwa PET ilikuwa chini ya nusu ya ile ya vipimo hivyo viwili.
Ila PET nayo inakosea. Kuna kansa chache hazina hiyo protini, na dawa zingine hasa ile ya florini, PSMA-1007, zinawasha vidoa kwenye mbavu ambavyo si kitu.
Nikuulize, mzee analalamika mgongo? Miguu ikoje?

mama_Tumaini
Nakubaliana na fundi hapo kwenye mifupa. Baba yetu skani ilionesha doa kwenye nyonga, hospitali tuliyokuwepo wakatuambia imeshafika kwenye mfupa, nyumba nzima tulilia wiki mbili. MRI (picha ya sumaku) ikaja kuonesha ni kiungo kimesagika tu kwa uzee. Doa moja peke yake msikubali kabla halijathibitishwa kwa kipimo kingine.

kijana_wa_Ngarenaro
Fundi, mgongo unamuuma huku chini kama wiki tatu sasa, usiku ndo zaidi. Na juzi kasema miguu inakufa ganzi akitembea, sisi tukajua ni umri.

fundi_picha
Ndugu yangu, weka pembeni habari za Dar na Nairobi. Mzee apelekwe hospitali leo hii, mwambie dokta kuhusu hiyo ganzi na aombe MRI ya uti wa mgongo kwa dharura. Kansa ikiukandamiza uti, miguu inaweza kupooza na isirudi, na MRI ndo inaonesha mshipa wa fahamu ulio ndani ya uti umebanwa wapi, skani ya mifupa na PET havikupi hiyo. Akishindwa kuzuia mkojo au haja msisubiri hata asubuhi.

Mswahili_Eastleigh
Fundi kasema kweli, MRI kwanza. Baadaye ikija habari ya PET, huku Nairobi ipo Aga Khan na ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kutoka Arusha kupitia Namanga ni karibu kuliko Dar. Pigeni simu kwanza muulize siku ya PSMA maana dawa inatengenezwa siku ileile na nguvu yake inaisha ndani ya masaa, ukichelewa mpakani imekula kwako. Pia muulizeni dokta kuhusu sindano ya homoni, akishachomwa muda mrefu kabla ya picha vidoa vingine vinafifia. Lakini kama mgongo ndo una shida asicheleweshewe dawa kwa ajili ya picha. Na MRI ikionesha mifupa imeshaguswa sehemu nyingi, sioni PET itabadilisha nini kwenye matibabu, hiyo hela ibaki ya dawa.

kijana_wa_Ngarenaro
Nimempigia dokta, kasema tumlete sasa hivi. Tupo kwenye gari.