Diski moja kati ya nne imekufa: nitaitambuaje kabla ya kuichomoa?

Mpigapicha wa Ngamiani
Habari zenu, ndugu. Nina studio ya video za harusi hapa Ngamiani, Tanga, na kazi zote nazihifadhi kwenye seva ya Linux yenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, zilizounganishwa kwa RAID 5, mpango unaozifanya diski kadhaa kuwa hifadhi moja. Jana umeme uliporudi, nilipotazama /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya diski hizo, nilikuta [UU_U] badala ya [UUUU], yaani moja haifanyi kazi, ingawa mafaili bado yanafunguka. Diski mpya ya ukubwa uleule ninayo mkononi. Je, nizime mashine kwanza? Na nitajuaje mbovu ni ipi, maana zote nne zinafanana na sikuziwekea alama?

Fundi wa Raskazone
Pole sana, kaka. Kabla hujashika bisibisi, nakili kwanza harusi ambazo wenyewe hawajazichukua. Ili kuijaza diski mpya, seva itasoma zile tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho, yaani terabaiti 12, na watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hukiri kwamba biti moja yaweza kukataa kusomeka katika kila biti trilioni 100, ambazo ni terabaiti 12.5. Hicho ni kikomo tu, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Lakini RAID 5 husamehe kifo cha diski moja, na msamaha wako umeshautumia.

Bi Chumbageni
Usihesabu kuanzia juu, wala usiamini herufi za sda na sdb, majina ambayo Linux huzipa diski, kwani huweza kubadilika mashine inapowaka upya. Endesha amri ya smartctl -i kwa kila diski inayoitika, uandike namba yake ya pekee (serial number) kwenye karatasi. Ile ambayo namba iliyo kwenye lebo yake haimo katika orodha ndiyo marehemu. Niliwahi kuchomoa nzima nikaiacha mbovu, na safu yote ikasimama papo hapo. Kama kasha lako halina vitoleo vya kuchomoa likiwa linawaka, zima. Ukishafunga mpya, iongeze kwa amri ya mdadm --add. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, itachukua saa saba na ushee.

Fundi wa Raskazone
Nyongeza: kama diski yenyewe bado inaitika, tazama kwa smartctl -A UDMA_CRC_Error_Count, hesabu ya makosa ya kupitisha data kati ya diski na mashine. Ikiwa hesabu hiyo inapanda huku sekta zote ni nzima, shuku waya kwanza. Chumvi ya pwani yetu hii hula vichwa vya waya, na diski nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la waya.

Mpigapicha wa Ngamiani
Ahsanteni, dada na kaka. Waya niliubadilisha, lakini diski inagonga kokoko na haiitiki kabisa, kwa hiyo ni yenyewe. Ilikuwa ya pili kutoka juu, nami ningechomoa ya tatu. Nakala nimeshazitoa, na ujazaji umefika asilimia 41.