Yoga au pilatesi: ipi itamfaa mtu wa ofisini mwenye mgongo na mawazo, hapa Dar?

Nuru_Kimara

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimekwama.

Nina miaka 38, ni mhasibu, ofisi iko Posta na naishi Kimara. Asubuhi nasimama kwenye mwendokasi kuanzia Kimara Mwisho, mkono mmoja juu kwenye bomba, nikifika nakaa kitini mpaka jioni. Tangu mwaka jana kiuno kimekuwa kikikaza, nikiinama kuvaa viatu nashika ukuta kwanza. Usiku nashtuka saa tisa, moyo unakwenda mbio, nafunga hesabu za kampuni kichwani mpaka adhana ya alfajiri. Nimepiga picha, daktari akasema mifupa na diski ni salama, ni misuli iliyochoka pamoja na msongo wa mawazo. Akaniambia nitafute mazoezi nitakayoweza kudumu nayo.

Joging ya mtaani nilijaribu, magoti yakavimba. Jirani yangu ananivutia kwenye yoga, mwenzangu wa kazini anaapa kwa pilatesi. Hela ninayo ya kitu kimoja tu. Waliofanya hizi mbili nisaidieni: tofauti yake hasa ni nini? Na sebule yangu ni ndogo, kati ya sofa na meza ya televisheni panatosha mkeka mmoja. Panafaa?

Fizio_Mtaani

Dada Nuru, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wagonjwa wa aina yako nawaona kila siku, wengi wao ni wa ofisini na madereva.

Kabla ya yote: ukiona ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo au haja kubwa haizuiliki, mguu unakosa nguvu, au maumivu yanakuja na homa na kupungua uzito, usiende kwenye mkeka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu swali lako. Kwa maumivu ya kiuno peke yake, pengo kati ya yoga na pilatesi ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliona kwamba pilatesi inasaidia kuliko kukaa bila kufanya chochote, ila haikuonekana kuyashinda mazoezi mengine. Mapitio yao ya 2017 kuhusu yoga yalisema karibu hivyohivyo: nafuu ipo, si kubwa, na inataka muda. Mwaka huohuo wa 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliwashauri wenye maumivu sugu ya kiuno waanze na njia zisizo na vidonge. Katika orodha yao mlikuwa na yoga, na pia mazoezi ya kufundisha misuli kuushika mgongo, ambayo ni ndugu wa pilatesi.

Tofauti iko kwenye njia. Pilatesi inaanzia katikati ya mwili. Kuna msuli mpana unaozunguka tumbo kwa ndani kama mkanda, na chini yake misuli ya sakafu ya nyonga. Unafundishwa kuviamsha hivyo kwanza, ndipo usogeze mkono au mguu. Mwendo ni mdogo na unarudiwa kwa hesabu. Pumzi inaingia kwa pua, mbavu zinatanuka pembeni, inatoka kwa mdomo wakati wa kazi ngumu. Yoga inakuweka kwenye mkao na kukuacha humo kwa pumzi kadhaa: unanyoosha, unasimama kwa mguu mmoja, unapinda, mwisho unalala chali na kutulia. Kwa hiyo mtu ambaye mgongo wake ni dhaifu huwa namsukuma kwenye pilatesi, na aliyekaza mwili mzima na kichwa hakizimiki namsukuma kwenye yoga. Wewe una vyote viwili, ndiyo maana umekwama. Ningeanza na usingizi, yaani yoga.

Bibi_wa_Upanga

Mwanangu Nuru, mimi nina miaka 61 na nafanya yoga mwaka wa saba sasa. Nilianza baada ya kufiwa na mume wangu, wakati ambao usiku mzima nilipata usingizi wa saa mbili tu. Nilikwenda kwenye kituo cha utamaduni cha India hapa mjini, nikakuta wamama wa rika langu na vijana wa benki wamekaa chini pamoja.

Nikueleze siku ya kwanza ilivyokuwa, kwa sababu watu wanadhani yoga ni kuweka mguu nyuma ya shingo. Mwalimu alitukalisha, akasema tusifanye lolote, tusikilize pumzi. Kisha tukavuta hewa kwa pua kwa hesabu ya nne, tukaitoa kwa hesabu ya sita. Nje kunguru wanapiga kelele kwenye mwarobaini, bajaji zinapita, nami nahesabu. Mara ya kumi hivi nikahisi mabega yanashuka. Nilikuwa sijui kwamba yalikuwa yamepanda! Mwishoni tulilala chali, viganja juu, dakika kumi. Machozi yakanitoka bila mimi kulia. Usiku ule nililala mpaka alfajiri.

Ile pumzi ya kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiyo dawa yako ya saa tisa usiku. Unapotoa hewa polepole moyo nao unapunguza mwendo. Huhitaji mkeka wala mwalimu, unaifanya palepale kitandani.

Tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, Ubalozi wa India huandaa mazoezi ya wazi. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo Desemba 2014. Njoo uonje kwanza kabla hujatoa hela yako popote.

Mama_Tausi_Mbezi

Mimi nasimama na pilatesi, na nitasema wazi kwa sababu kuna wamama wanasoma humu kimya.

Nilijifungua kwa upasuaji mtoto wa pili. Miezi minane baadaye tumbo lilikuwa limeachana katikati, vidole vitatu vinaingia, na nikikohoa mkojo unatoka. Niliacha hata kwenda harusini. Yoga nilijaribu mwezi mzima kwenye darasa moja la jimu, mwalimu akatupeleka kwenye mikao ya kusukuma tumbo nje na hakuna aliyeniuliza nimejifungua lini. Nilirudi nyumbani na hali mbaya zaidi.

Ndipo fizio akanipeleka kwa mwalimu wa pilatesi Masaki, wa kile kitanda cha rifoma. Kwa asiyekijua: ni kitanda chenye kibao kinachoteleza juu ya reli, na springi unazoongeza au kupunguza. Springi zinakusaidia pale ambapo nguvu huna. Wiki tatu za mwanzo sikufanya kingine zaidi ya kulala chali, kupumua na kuinua sakafu ya nyonga taratibu, kama unayezuia mkojo, kisha kuachia. Kuachia nako kunafundishwa. Mwezi wa nne nilikohoa nikiwa sokoni na hakikutokea kitu. Nilisimama pale nikashukuru Mungu.

Ila nikuambie ukweli wa gharama. Rifoma ni ghali, na kutoka Mbezi ya Kimara mpaka Masaki jioni foleni inakula faida yote. Unafika umekasirika, unarudi umekasirika. Baada ya miezi mitano nikahamia mazoezi ya chini, ya mkeka tu, na hayo naendelea nayo nyumbani mpaka leo.

Kassim_Mbagala

Dada, kwa nini usitembee tu? Sisi kikundi chetu cha joging Mbagala Jumapili tunakwenda bure, kuna wimbo, kuna watu. Msongo unaisha kwa watu, si kwa mkeka.

Fizio_Mtaani

Kassim ana hoja nzito kwenye hilo la watu. Pia Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Darasa la yoga la taratibu mara nyingi halifikishi mapigo ya moyo huko. Nuru, ukiweza shuka kituo kimoja kabla ya Posta utembee haraka. Magoti yatavumilia kutembea.

Abuu_Swafiya

Assalaam alaykum. Nauliza kwa nia njema: hii yoga si ibada ya watu wengine? Nuru ametaja adhana, nadhani naye lazima limempitia kichwani.

Nuru_Kimara

Waalaykum salaam kaka Abuu. Limenipitia, nilikuwa naona haya kuliuliza.

Bibi_wa_Upanga

Swali la heshima hilo, wala lisionewe haya. Yoga imetoka India na mizizi yake ya dini ipo, hatuwezi kuikana. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya matamshi ya ibada na mazoezi. Mwaka 2017 Saudi Arabia ikairuhusu kama mchezo. Kwa hiyo hata Waislamu wenyewe hawako mahali pamoja. Mimi ni Mwislamu, nilimwambia mwalimu siku ya kwanza kwamba "om", lile tamko la ibada yao, sitamki, akanijibu nikae kimya wakati huo, basi. Wapo Wakristo darasani wanafanya vivyo hivyo. Moyo wako ukikataa bado, pilatesi haina jambo hilo kabisa, na usijilazimishe. Huwezi kutulia ukiwa unashindana na dhamiri yako.

Fizio_Mtaani

Kweli, pilatesi ilibuniwa na Mjerumani, Joseph Pilates, aliyezaliwa 1883 na kukulia kwenye maradhi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kambini pamoja na Wajerumani wengine. Inasimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wajizoeze wakiwa wamelala. Ukikiona kile kitanda alichokisema Mama Tausi utaelewa kilikotoka.

Nuru_Kimara

Mmenifungua macho. Swali la mwisho: nyumbani nina mkeka wa ukindu tu. Unatosha? Na mimi nikinyoosha miguu vidole vya miguu siviguswi hata kwa mbali.

Bibi_wa_Upanga

Wa ukindu unateleza kwenye marumaru, utakuangusha. Nunua wa mpira Kariakoo. Wa yoga ni mwembamba ili ukisimama mguu ushike chini. Wa pilatesi mnene zaidi, kwa sababu mgongo unabiringika juu yake. Ukinunua mmoja, chukua wa kati.

Vidole vya miguu usivitafute. Kuna mwalimu mkubwa wa India, B.K.S. Iyengar, aliyefariki 2014, ndiye aliyezoesha watu kutumia mikanda, vibao na viti ili mkao uufuate mwili, si mwili kuvunjwa ufuate mkao. Sisi tunatumia khanga. Ikunje kwa urefu mara nne, lala chali, ipitishe kwenye unyayo wa mguu mmoja, shika ncha zote mbili, nyoosha mguu juu mpaka pale unapovuta bila kuuma. Goti likijikunja liache lijikunje. Mabega yabaki chini. Pumua mara kumi, badilisha. Khanga iliyofuliwa mara nyingi ndiyo nzuri, mpya ina wanga na inateleza mkononi.

Fizio_Mtaani

Naongeza tahadhari kwa wengine wanaosoma. Mwenye presha ya juu au shinikizo la macho asisimame kichwa chini, na asibane pumzi. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu aepuke kukunja mgongo mbele kwa nguvu, na pilatesi inayo mikunjo hiyo mingi, hivyo amwambie mwalimu. Mjamzito aende darasa la wajawazito, aache yoga ya chumba cha joto. Mwalimu asiyekuuliza habari za afya yako kabla hujaanza, usimpe hela.

Nuru_Kimara

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki sita.

Nilichagua yoga Jumamosi asubuhi kule mjini, kwa sababu saa hiyo mwendokasi una nafasi na nakaa kitini. Jumanne na Alhamisi nafanya nyumbani mazoezi matatu ya pilatesi aliyonipa Fizio kwa ujumbe, dakika ishirini, kati ya sofa na televisheni. Mwanangu wa darasa la pili ndiye anayehesabu. Akikosea tunaanza upya.

Kiuno hakijapona. Lakini jana nimevaa viatu bila kushika ukuta, nikagundua nimeshafika getini. Saa tisa usiku bado nashtuka, siku mbili au tatu kwa wiki badala ya kila siku, nafanya ile nne kwa sita ya Bibi na mara nyingi sifiki pumzi ya ishirini kabla usingizi haujanichukua. Pia nimemwomba bosi kazi ya kufunga mwezi tuigawe wawili, akakubali. Hilo nadhani limesaidia sawa na mkeka.

Mama Tausi, uliniambia kwa ujumbe kwamba ungependa kuonja yoga tena ukipata mwalimu anayeuliza. Huyu anauliza, aliniweka pembeni dakika kumi kabla sijavua viatu. Jumamosi hii nitakuwa Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa geti la kukatia tiketi. Khanga ya pili nitabeba mimi.