Kuhamisha vyungu vya maua kabla ya masika, na shughuli za mjini nazo zinakungoja: wastaafu wa Tanga, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Chumbageni)

Ndugu zangu wastaafu na wapenzi wote wa maua, asalaam aleikum na habari za asubuhi. Nimeileta mada hii kwa sababu siku moja ya wiki ya kwanza ya Machi ilinifundisha jambo ambalo naona heri tuliongee sasa, kabla masika hayajakaa sawasawa, maana najua wengi wetu tuna vyungu vingi kuliko watu wa kuvibeba.

Nimestaafu ualimu miaka 6 iliyopita, na uani kwangu kuna vyungu 34. Ipo asumini, ipo rehani, kuna waridi, mshubiri, mchaichai, mlangilangi mchanga niliouotesha kwenye nusu pipa, na midimu miwili iliyo kwenye ndoo za lita 20. Wakati wa kaskazi jua la Tanga ni kali, kwa hiyo vyote huviweka chini ya mwembe. Lakini pembe hiyo ndiyo inayotuamisha maji mvua za mwaka zikianza, na kila Machi sina budi kuvipandisha barazani kabla ya mvua kubwa ya kwanza.

Siku hiyo nilikuwa na mambo manne ya mjini: uhakiki wa pensheni, dawa zangu za presha, kununua umeme, na nazi na vitunguu katika soko la Mgandini. Nikajipangia kwamba nianze na mjini, vyungu nivihamishe alasiri jua likishapoa. Kwenye uhakiki foleni ilikuwa ndefu, na nilipofika dirishani mashine haikuzisoma alama za vidole vyangu. Vidole vilivyoshika chaki miaka 34 na jembe dogo kila asubuhi vimelainika ncha. Nikavipangusa kwa pindo la khanga, nikavibonyeza tena na tena, na ilikuwa mara ya tano ndipo taa ya kijani ikawaka. Kijana aliyenihudumia alikuwa mstahamilivu na namshukuru, ila muda ulikuwa umekwenda.

Nilirudi nyumbani saa tisa na nusu, miguu imevimba, na wingu jeusi limesimama upande wa bahari. Nikaanza kubeba peke yangu. Vile vidogo vilikwenda salama. Nikafika kwenye asumini ya mama, ambayo aliniletea tawi lake kutoka Pangani mwaka 1987 nilipohamia nyumba hii, akiwa amelifunga kwenye jani la mgomba lenye unyevu. Imo kwenye chungu cha udongo, na asubuhi kabla sijatoka nilikuwa nimeimwagilia maji mpaka yakatokea chini, jambo ambalo sasa naliona kuwa ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Nilikishika chungu kwenye mdomo, nikakiinua, nikapanda ngazi ya kwanza, na kipande cha mdomo kikabaki mkononi mwangu. Chungu kikaanguka ukingoni mwa ngazi, kikapasuka pande tatu, na mizizi ile myeupe ya miaka yote hiyo ikawa wazi juu ya saruji.

Nilikaa chini palepale, na sioni haya kusema kwamba nililia. Matone yalipoanza nikainuka, nikaizungushia mizizi khanga iliyolowa, nikaisimamisha ndani ya debe tupu la mafuta, na vijana wa jirani wakaja kunimalizia kazi iliyobaki huku mvua imeshawalowanisha.

Naomba tupeane uzoefu. Je, mnahamisha lini, mnasaidiwa na nani, na siku hiyo shughuli nyingine mnazipangaje? Nami nikiri mapema kwamba kwa maoni yangu ya sasa siku ya vyungu haifai kuchanganywa na siku ya foleni.

Mchangiaji wa Raskazone

Pole sana, Bi Mkubwa. Mimi nilifanya kazi ya kupakua na kupakia mizigo bandarini kwa miaka mingi, na nakubaliana nawe kabisa kuhusu maji. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hukaribia kilo 30, na mtu wa umri wetu akiinamia mzigo wa namna hiyo kiuno hakimsamehe. Mimi huacha kumwagilia siku mbili kabla ya kuhamisha. Mmea hauzimii kwa siku mbili, na udongo uliokauka kidogo hushikana vizuri zaidi na ukuta wa chungu.

Jambo la pili ni kwamba vyungu vikubwa mimi siviinui. Nakilaza chungu kidogo upande, mwenzangu anasukumiza gunia la sulufeti chini yake, kisha tunaliburuta gunia polepole hadi mahali pake. Penye ngazi naweka ubao. Chungu cha udongo hushikwa kitakoni na ubavuni, wala si mdomoni, kwa sababu mdomo ndio unaopigwa na jua na chumvi miaka yote na ndio unaoanza kuoza. Kwa nusu pipa lako nakushauri umlipe mtu wa guta na mwenzake. Ni kazi ya dakika chache kwao.

Kwetu huku karibu na bahari nina shughuli moja zaidi. Upepo ukivuma kwa siku kadhaa bila mvua, majani hushika chumvi na kingo zake huungua zikawa za kahawia. Kwa hiyo nikishahamisha huyaosha majani yote kwa maji baridi ya bomba, jani moja moja kwa yale mapana.

Mchangiaji wa Makorora

Dada yangu, pole. Nilikuwa muuguzi, na naomba niseme la afya ambalo watu hulisahau wanaposhughulikia maua. Zile sahani tunazoweka chini ya vyungu huwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, ambaye hueneza homa ya dengue na huuma mchana. Katika joto la pwani yetu, yai hufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandamana na ukuta wa sahani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja mvua. Siku ya kuhamisha vyungu ndiyo siku ya kuzisugua sahani zote kwa brashi ngumu na sabuni, kisha kuziweka stoo mpaka masika yaishe. Vyungu vikae juu ya matofali mawili, maji yapite.

Halafu angalia bati linapomwaga maji. Jirani yangu alivipanga vyungu vizuri pembeni mwa baraza, kumbe ni chini ya mchirizi, na kwa mvua moja udongo wote ukachimbuliwa.

Mchangiaji wa Muheza

Mimi ninacho chungu kimoja tu ninachokihangaikia, cha ua dogo la rangi ya urujuani ambalo kwa miaka mingi wataalamu waliliita Saintpaulia. Jina hilo linatokana na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelikusanya huku kwetu wakati wa ukoloni, na mwaka 1893 likaandikwa rasmi kitaalamu. Leo linauzwa madirishani Ulaya nzima, na kwao ni milima yetu ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli. Lenyewe halitaki mvua juu ya majani, kwa hiyo huwa la kwanza kuingia ndani.

Mchangiaji wa Ngamiani

Nami nichangie kwa nililoliona ugenini. Nilikaa kwa binti yangu Ujerumani kuanzia Septemba hadi Februari, na mwezi Oktoba nikamsaidia mama mmoja jirani, mstaafu kama sisi, kuingiza vyungu vyake ndani kabla ya baridi kali. Huko hofu si maji bali ni usiku ambao joto hushuka chini ya sifuri, kwani maji yaliyomo ndani ya jani huganda na asubuhi jani limekuwa jeusi. Rehani yake ilikwisha kunyauka hata kabla ya usiku huo kufika. Mlimau aliuweka kwenye ngazi ya nyumba, penye dirisha kubwa na ubaridi wa wastani, akaupunguzia maji kwa sababu mwanga ni mchache na mti unalala.

Kilichonigusa ni utaratibu wake. Alikuwa akisikiliza utabiri kila jioni, na alipochagua siku hakutoka nyumbani kwa jambo jingine. Alikigeuza kila chungu, akakagua kitako na upande wa chini wa majani asije akaingiza wadudu ndani. Tangu nirudi nami nafanya hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei mapema, na ukishausikia huo, chagua siku yako.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, na nimeshaanza kuyatumia. Sahani nimezisugua jana. Tatu zilikuwa na viluwiluwi. Jumatano ijayo asubuhi mtu wa guta anakuja kwa ajili ya nusu pipa, na kliniki yangu nimeomba isogezwe hadi Alhamisi.

Asumini nimeipunguza matawi karibu nusu ili mizizi iliyojeruhiwa isibebe mzigo mkubwa, nimeiweka kivulini, na majani ya juu bado yamelegea. Lakini jana magharibi vitumba viwili vilivyokuwa vimeshafunga vilifunguka, na harufu yake ilifika hadi chumbani.

Mchangiaji wa Raskazone

Alhamdulillahi. Usiiache muda mrefu kwenye debe, bati litashika kutu na jua litaichemsha mizizi. Ninacho chungu cha udongo kinene kilichokaa bure, na Jumamosi napita Chumbageni na baiskeli. Niambie upana.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, kaka yangu. Mdomo wa kile kilichovunjika ulikuwa shibiri mbili za mkono wangu, na kimo kilinifikia chini ya goti. Ukifika kabla ya saa nne utanikuta nyumbani, na chai itakuwa tayari.