Yule mhariri wa hadithi za makaburi kanizika nikiwa hai!

Wakuu, nimekibwaga kitabu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule anayekusanya hadithi za makaburi na vifo, halafu kila hadithi lazima aitangulie na maelezo yake, kana kwamba maiti wanahitaji mshereheshaji.

Hadithi ya sita. Mtu anazikwa mzima mzima, karne ya 19, enzi zile watu waliogopa jambo hilo hadi Franz Vester akapewa hataza Marekani mwaka 1868 kwa jeneza lenye kengele na ngazi ya kutokea. Kamba iko kidoleni, ukiivuta kengele inalia huko juu. Nimezima taa, nimebakiza ya kitandani, pumzi nimeibana. Kumbe juu ya hadithi, kwa herufi za mlazo, bwana mkubwa kaandika: "Tazama mkewe alivyoikata kamba."

MKEWE! Kaniambia kabla jeneza halijapigwa msumari! Kurasa 20 jamaa anavuta kamba gizani, na mimi najua imekatwa. Anavuta. Najua. Anavuta tena, kucha zinang'oka. Najua! Ile ya sayari nzima iliyogeuzwa makaburi naambiwa ni tamu, nimeshindwa kuisoma, naona kamba tu. Mkewe, wakuu!

Popo_Mweupe: Na wewe si umetuambia wote? Nilikuwa ukurasa wa tatu. Mungu anakuona.

Sanda Mpya: 😂😂😂 Mhariri kapata msaidizi.

Bundi Mzee: Kamba kitu gani! Mimi nina hasira na ile ya Misri. Eti wote walioingia kaburi la Farao Tutankhamun walikufa kwa laana. Lilipatikana 1922, na Carter mwenyewe, aliyeligundua, kaishi hadi 1939! Aliyefariki mapema, 1923, ni Carnarvon, mfadhili wake. Aliumwa na mbu, kidonda kikaingia vijidudu. MBU!

Popo_Mweupe: Mzee, si hadithi ya kubuni?

Bundi Mzee: Kubuni sawa, mbona chini kaandika "kisa cha kweli"?

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwenye kamba.

Sanda Mpya: Mimi nilinunua kwa ajili ya lile fuvu la jaladani. Nimemaliza kitabu kizima, fuvu halimo hata hadithi moja.

Bundi Mzee: Fuvu lipi? Langu lina mlango wa kaburi.

Sanda Mpya: Kwani majalada yako mawili??

Popo_Mweupe: Langu halina jalada, lilibanduka siku ya pili. Gundi gani ile?