Msaada: mdahalo wa kifo cha huruma, upande wa kuunga mkono tuupangeje?

MtoaHoja
Wadau, hamjambo. Tuna mdahalo wa vyuo Mombasa Jumamosi. Hoja: "Bunge la Kenya liruhusu kifo cha huruma," yaani daktari kumsaidia mgonjwa asiyepona afe kwa ombi lake. Kura imetuangukia kuunga mkono, kila msemaji dakika 7. Rasimu yetu inaanza na maumivu ya saratani, inafuata kuzima mashine ya kupumulia, kisha nchi zilizoruhusu. Inasimama? Tusahihisheni bila huruma.

WakiliPembeni
Hiyo mashine itoeni kabisa. Kumwondolea mgonjwa matibabu aliyoyakataa si kifo cha huruma. Sheria ya Afya ya 2017 tayari inatambua haki yake ya kukataa. Mkiichanganya humo, mtamaliza muda mkijibu maswali yasiyowahusu.

Yanabaki mawili: daktari kumwandikia mgonjwa dawa akainywa kwa mkono wake, kama jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1997, au daktari kumdunga yeye mwenyewe, kama inavyoruhusiwa Uholanzi tangu 2002. Chagueni moja mlitamke sekunde ya kwanza. La Oregon ni jepesi kutetea.

Mlango wenu ni Ibara ya 26(3) ya Katiba: mtu asinyimwe uhai kwa makusudi, isipokuwa kwa kiasi kinachoruhusiwa na Katiba hiyo au sheria nyingine iliyoandikwa. Ukuta ni Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 225 kinampa kifungo cha maisha anayemsaidia mtu kujiua, na cha 213 kinamhesabu kuwa amesababisha kifo hata aliyekiharakisha tu kwa mgonjwa ambaye angekufa tu. Mswada wenu usipogusa vyote viwili, daktari anaingia ndani.

MtoaHoja
Ahsante wakili. Maumivu je, yabaki mwanzoni?

NesiShufaa
Yaondoeni mbele. Upande wa pili ukiwa na mtu wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona, mmekwisha. Atawaambia morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, huanza dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, sambamba na dawa ya kulainisha choo maana morfini hufunga choo. Ikipandishwa hivyo haimuui mgonjwa. Uganda wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika tangu 2004. Basi leteni morfini kwanza, atasema, na ukumbi utapiga makofi.

Someni ripoti za kila mwaka za Oregon. Sababu zinazotajwa zaidi na wagonjwa si maumivu: ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yanayoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Jengeni hapo.

UpandeWaPili
Na hapo ndipo nitakapowabana. Kama msingi ni kujiamulia, aliyebakiza miezi 6 ya kuishi, sharti la Oregon, anaruhusiwa kwa nini na aliyebakiza miaka 6 anakatazwa? Kanada ilianza 2016 na wale ambao kifo chao kinaonekana kinakuja. 2021 sharti hilo likaondolewa. Sheria ya Ubelgiji ya 2002 ilikuwa na kikomo cha umri, 2014 kikafutwa. Leo huyu, kesho yule.

Halafu bili. Familia imeshauza ng'ombe na kipande cha shamba, mgonjwa anasema "niacheni niende". Hiyo ni hiari, au ni kuona haya?

KochaMidahalo
Kanada msiikane. Semeni ilipanua baada ya hukumu ya mahakama ya Quebec ya 2019, ilhali Oregon imebaki na sharti la miezi 6 tangu ilipoanza. Kisha toeni masharti yake kwa idadi: madaktari 2, maombi ya mdomo 2 yenye siku 15 katikati, la maandishi 1 mbele ya mashahidi 2. Tangu 2020 anayetarajiwa kufa kabla ya siku hizo husamehewa kungoja. Amueni mapema kama mnalibeba hilo, maana mtaulizwa. Oregon inataka angalau shahidi mmoja asiwe mrithi. Nyinyi semeni wote wawili. Ongezeni kwamba ombi halipokelewi kabla mgonjwa hajaonwa na timu ya tiba shufaa.

Swali la bili halijibiwi kwa fomu. Likubalini, kisha mrudishieni: haki ya kukataa mashine, ambayo hata yeye anaikubali, haiguswi na bili hiyo hiyo?

Mtasomewa Kurani, an-Nisaa aya ya 29, inayokataza kujiua. Kubishana na aya mbele ya ukumbi wa Mombasa ni kujitakia; semeni tu kwamba mswada haumlazimishi mgonjwa, daktari wala hospitali ya dini. Na mafundisho ya Papa Pius XII ya 1957 msiyaguse. Yanaruhusu dawa ya maumivu hata ikifupisha uhai, na kuacha tiba zenye mzigo usio wa kawaida kwa mgonjwa, lakini hayaruhusu kuua. Hayo ni mali ya wapinzani.

MtoaHoja
Mfano wa Afrika upo?

WakiliPembeni
Afrika Kusini. Aprili 2015 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimruhusu Robert Stransham-Ford, mwanasheria mwenye saratani. Alifariki siku hiyo hiyo, kabla amri haijatoka. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Msitaje 2015 mkaificha 2016. Mwenzenu hapo juu ataitaja.

UpandeWaPili
Nimeshaiandika.