Kumtafuta babu wa miaka ya 1400 kule Delft

Swali: Wakuu, mke wangu Mholanzi, ukoo wake tumeufuata mpaka miaka ya 1590 pale Delft halafu giza totoro, kabla ya hapo tunapitia wapi?

Jibu: Pole mkuu. Vitabu vya ubatizo usivitegemee, Kanisa Katoliki liliviagiza kote 1563 tu, na Delft yenyewe iliungua vibaya 1536. We fuata ardhi, daftari za mashamba waliyogawa watawala wa Holland zipo Nationaal Archief, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uholanzi, mjini Den Haag (The Hague), baba akifa anaandikwa mwanawe kapokea shamba lilelile, hapo ndo unawaunganisha.

Jibu: Halafu ukiona Pietersz ujue ni "mwana wa Pieter" tu, sio ukoo, mwanawe Jan watoto wake wa kiume wanakuwa Jansz. Mi naamini shamba kuliko jina.

Muuliza: Aisee asanteni sana, kumbe tulikuwa tunakimbizana na jina!